Wazazi wa imani mbili na Ubatizo wa mtoto wao

Katika ndoa ambayo baba ni Mwislamu na mama ni Mkatoliki, mtoto huzaliwa akisubiriwa na kalenda mbili. Upande wa baba husoma adhana sikioni mwa mtoto mara baada ya kuzaliwa, na siku ya saba huchinja akika, mtoto akanyolewa nywele na kutangaziwa jina. Upande wa mama nao una hesabu yake: Kanuni ya 867 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa inawaagiza wazazi wahakikishe kwamba watoto wao wachanga wanabatizwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Swali ambalo wachumba walilipita haraka, wakisema watalizungumza Mungu akiwajalia mtoto, linamkuta mama akiwa bado ndani ya arobaini, nyumba imejaa ndugu wa pande zote mbili, na kila ndugu ana neno lake.

Kwa waamini wa Tanzania na Kenya, na hasa wa pwani, familia zenye Waislamu na Wakristo chini ya paa moja si jambo geni. Makala hii inaeleza kile ambacho Kanisa linamdai mzazi Mkatoliki kuhusu Ubatizo wa watoto wake, na kile ambacho halimdai. Yote mawili yanahitaji kusemwa. Wapo waliotoa ahadi mbele ya paroko wakaisahau kabla keki ya arusi haijakatwa. Na wapo, wengi wao akina mama, wanaobeba hatia ambayo sheria ya Kanisa haikuwatwika kamwe.

Ndoa ya mseto na tofauti ya dini

Sheria ya Kanisa hutenganisha hali mbili. Ndoa ya mseto ni ile ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa katika Kanisa au jumuiya nyingine ya kikristo, kwa mfano Mlutheri, Mwanglikana au Mmoravian. Ndoa hiyo inahitaji ruhusa ya Askofu mahalia (Kanuni ya 1124). Hali ya pili ni ndoa ya Mkatoliki na mtu ambaye hakubatizwa kabisa, awe Mwislamu, Mhindu, mfuasi wa dini ya jadi au mtu asiye na dini. Hapa kuna kizuizi cha tofauti ya dini, na ndoa isiyopata kuondolewa kizuizi hicho ni batili mbele ya Kanisa (Kanuni ya 1086). Ruhusa ile na kuondolewa huku kwa kizuizi hutolewa kwa masharti yale yale, ambayo yameelezwa katika Kanuni ya 1125, na ndani ya masharti hayo ndimo linamokaa suala la watoto.

Ahadi, na anayeitoa

Masharti ni matatu. La kwanza, mwenzi Mkatoliki atamke kwamba yuko tayari kuepuka hatari za kuiacha imani, na atoe ahadi ya kweli kuwa atafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. La pili, mwenzi mwingine ajulishwe ahadi hiyo kwa wakati unaofaa, ili iwe hakika kwamba anaufahamu wajibu wa mwenzake. La tatu, wote wawili wafundishwe malengo na sifa za msingi za ndoa, ambazo hakuna kati yao anayeruhusiwa kuzikataa.

Msomaji aangalie vizuri nani anaahidi nini. Anayeahidi ni Mkatoliki peke yake. Yule mwingine hajulishwi ili atie sahihi kwamba amekubali watoto wabatizwe. Anajulishwa ili asije akasema siku moja kwamba alifichwa.

Haikuwa hivyo siku zote. Mkusanyiko wa Sheria wa mwaka 1917, katika Kanuni ya 1061, ulidai dhamana kutoka kwa wote wawili kwamba watoto wote watabatizwa na kulelewa katika imani katoliki tu, na kwa kawaida dhamana hizo zilitolewa kwa maandishi. Wazee wetu waliofunga ndoa za namna hiyo kabla ya Mtaguso wanazikumbuka karatasi hizo. Mwezi Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko Dignitatis Humanae juu ya uhuru wa dini, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kuendelea kumtaka Mlutheri au Mwislamu aahidi jambo ambalo dhamiri yake inalikataa. Maagizo ya mwaka 1966 yalilegeza kidogo: mwenzi asiye Mkatoliki alialikwa kuahidi, na pale dhamiri yake ilipogoma, shauri lilipelekwa Roma. Hatimaye Papa Paulo VI, kwa barua yake ya kitume Matrimonia Mixta ya tarehe 31 Machi 1970, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo, aliondoa kabisa dai la ahadi kwa asiye Mkatoliki. Mkusanyiko wa mwaka 1983 ulifuata njia hiyo.

Hata hivyo, bado wako waamini, na pengine makatekista, wanaomweleza mchumba Mwislamu kwamba akikanyaga kanisani siku ya ndoa basi amekwisha kuwatoa watoto wake. Maelezo hayo si sahihi, na yamewafukuza wengi waliokuwa tayari kuja ofisini kwa paroko.

Neno zito katika ahadi hiyo ni lile la uwezo. Kilatini husema pro viribus, yaani kadiri ya nguvu alizonazo mtu. Mkatoliki haahidi matokeo, kwa kuwa hayako mikononi mwake peke yake; anaahidi juhudi ya kweli. Mwongozo wa Ekumene uliotolewa na Baraza la Kipapa la Kuhamasisha Umoja wa Wakristo mwaka 1993 unafafanua jambo hilo katika namba 150 na 151. Mzazi Mkatoliki atimize wajibu wake akiheshimu uhuru wa dini na dhamiri ya mzazi mwenzake, na akilinda umoja na udumifu wa ndoa yao. Mwongozo huo ulitungwa ukiwalenga hasa wanandoa Wakristo, lakini ahadi inayofafanuliwa ni ile ile inayotolewa na Mkatoliki anayefunga ndoa na Mwislamu.

Juhudi ya kweli, kwa upande mwingine, si maneno matupu. Mtu aliyeahidi kisha asilitaje tena suala hilo kwa miaka kumi kwa sababu anaogopa kununiwa hajafanya yaliyo katika uwezo wake. Hali kadhalika yule anayemwachia mwenzi wake kila uamuzi wa dini ili nyumba iwe na amani, ilhali mwenzi huyo wala hajawahi kukataa.

Dhamiri ya upande wa pili

Ni rahisi kumwona mume anayekataa mtoto asibatizwe kuwa ni mkaidi tu. Mara nyingine ndivyo alivyo. Lakini Mwislamu anayeshika dini yake anayo sababu. Dini yake inamruhusu mwanamume kuoa mwanamke Myahudi au Mkristo, na kwa fikihi ya madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto wa mzazi Mwislamu huhesabiwa Mwislamu tangu kuzaliwa. Akimwachia mkewe amlete mtoto kwenye kisima cha Ubatizo, anaona amevunja amana aliyopewa na Mungu. Basi katika nyumba hiyo hakuna mmoja mwenye wajibu na mwingine mwenye ubishi. Kuna wajibu wa namna mbili, na wanaoubeba wanalala kitanda kimoja.

Ikiwa mke ndiye Mwislamu na mume ni Mkatoliki, hali huwa ngumu zaidi kwake, kwa maana fikihi haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Aghalabu amekwisha kutengwa na nduguze kabla mtoto hajazaliwa. Mume Mkatoliki anayemharakisha mke wa namna hiyo kuhusu Ubatizo, huku akijua kwamba hana pa kukimbilia, asijidanganye kuwa anatimiza Kanuni ya 1125.

Kuna jambo jingine ambalo si la dini kabisa, nalo huingia mlango mmoja na dini. Katika koo nyingi mtoto ni wa baba; mahari imetolewa, jina ni la ukoo wa mume, na mke hutazamiwa kumfuata mume hata katika kusali. Desturi ya mke kuhamia kanisa la mumewe imeenea kati ya Wakristo wenyewe kiasi kwamba wengine hudhani ni agizo la Biblia. Katika Sheria za Kanisa haina msingi wowote. Mwanamke Mkatoliki aliyeolewa na Mlutheri hubaki na wajibu wake wote, na mwanamume Mkatoliki aliyeoa Mlutheri hapati haki ya ziada juu ya dhamiri ya mkewe kwa sababu alitoa ng’ombe.

Kibali cha mzazi mmoja

Waamini huuliza: je, mama anaweza kumleta mtoto abatizwe ikiwa baba amekataa? Kanuni ya 868 inaweka masharti mawili ili Ubatizo wa mtoto mchanga uwe halali. Kwanza, wazazi, au angalau mmoja wao, au mtu anayeshika nafasi yao kisheria, waridhie. Pili, kuwe na matumaini yenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini katoliki. Matumaini hayo yakikosekana kabisa, Ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu.

Kwa hiyo sheria haidai sahihi za wazazi wawili. Kibali cha mmoja kinatosha, na paroko anayemrudisha mama nyumbani kwa sababu tu hakuja na mumewe ameongeza sharti ambalo halimo. Lakini lile sharti la pili linampa paroko kazi ya kuuliza. Nani atamfundisha mtoto kusali? Ataruhusiwa kwenda Misa na mafundisho? Maagizo ya Usharika wa Mafundisho ya Imani ya mwaka 1980, Pastoralis Actio, yanasema kwamba uhakika huo waweza kutolewa na wazazi, na msimamizi wa ubatizo, au kwa msaada wa jumuiya ya waamini. Katika mazingira yetu hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inapokuwa na kazi ya kweli. Bibi mzaa mama anayeishi mtaa wa pili, msimamizi aliye tayari kumchukua mtoto kila Dominika, mwalimu wa Utoto Mtakatifu anayemjua kwa jina: hao ndio msingi wa matumaini. Kuahirisha nako si kukataa. Jina la mtoto libaki katika kumbukumbu ya paroko, na mazungumzo yaendelee.

Kufanya jambo bila kukubaliana ni kitu kimoja. Kulifanya kwa siri ni kingine. Mama aliyemwambia mumewe waziwazi kwamba dhamiri inamsukuma kumbatiza mtoto, akasikiliza pingamizi lake, akamrudia kwa upole tena na tena, mwishowe akafanya alichoamua huku mume akijua, amejiweka katika matatizo lakini hajadanganya. Mama anayengoja mume asafiri, akambatiza mtoto, kisha akamfundisha mtoto huyo kuficha rozari yake, amempa mtoto sakramenti pamoja na mzigo wa uongo. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuubeba. Mwandishi wa makala hii haoni namna matumaini yenye msingi ya Kanuni ya 868 yanavyoweza kusimama juu ya siri ambayo mtoto ndiye mlinzi wake.

Na ikiwa anayembatiza kwa siri ni bibi, shangazi au dada wa kazi, bila ya mzazi hata mmoja kuridhia, basi hata lile sharti la kwanza halijatimizwa. Historia ya Kanisa inalo jeraha kuhusu jambo hili. Mwaka 1858 mjini Bologna, uliokuwa chini ya utawala wa Papa, mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita aitwaye Edgardo Mortara aliondolewa na polisi kutoka kwa wazazi wake, kwa kuwa mtumishi wa nyumba alieleza kwamba alimbatiza kwa siri alipokuwa mchanga na mgonjwa. Sheria ya dola ile haikuruhusu mtoto aliyebatizwa alelewe na wasio Wakristo. Papa Pio IX alikataa kumrudisha licha ya kilio cha wazazi na lawama za Ulaya nzima. Edgardo alikua, akawa padre, akafariki mwaka 1940. Kwamba alidumu katika imani hakufuti machozi ya mama yake.

Hatari ya kufa

Hapa sheria hubadilika. Mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia, na Kanuni ya 868 inatamka kwamba Ubatizo huo ni halali hata kinyume cha mapenzi ya wazazi. Pale ambapo padre au shemasi hapatikani, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa aweza kubatiza, kwa maji na kwa maneno ya Ubatizo kwa jina la Utatu Mtakatifu. Wakunga na wauguzi Wakatoliki wanalijua hilo. Mtoto akipona, paroko aarifiwe ili Ubatizo uandikwe kitabuni na madhehebu yaliyosalia yakamilishwe. Wazazi nao waambiwe ukweli.

Mtoto akifariki kabla ya kubatizwa, Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, kama inavyofundisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki katika namba 1261. Hakuna mama anayepaswa kuambiwa msibani kwamba mtoto wake amepotea kwa sababu baba alikataa maji.

Mwenzi Mkristo wa madhehebu mengine

Kwa Mlutheri, Mwanglikana au Mmoravian ugomvi ni wa mahali: mtoto apelekwe kanisa gani? Wote hubatiza watoto wachanga kwa maji na kwa jina la Utatu, na Ubatizo huo, ukitolewa ipasavyo, ni wa kweli. Ikiwa mtoto amekwisha kubatizwa huko, haubatizwi upya kwetu, wala wazazi wasifanye mpango wa kubatiza mara mbili ili kila bibi aridhike. Wajibu wa mzazi Mkatoliki kumshirikisha mtoto imani yake unabaki, na mtoto aweza baadaye kupokewa katika ushirika kamili na Kanisa Katoliki.

Kwa Mpentekoste, Mbaptisti au Msabato ugomvi ni wa wakati. Wao hawabatizi mtoto mchanga. Humwombea na kumweka wakfu kwa Mungu, wakingoja akue na kukiri mwenyewe. Mume wa namna hii akisema mtoto asibatizwe, hasemi kwamba asiwe Mkristo. Tofauti hiyo huwapa wazazi nafasi kubwa ya kuzungumza kuliko wanavyodhani, kwa kuwa wote wanataka mtoto amjue Yesu, wasome naye Maandiko na wasali naye usiku.

Mama aliyeketi nyuma

Katika parokia nyingi wako akina mama wanaohudhuria Misa miaka nenda, miaka rudi, wakikaa benchi la mwisho bila kukaribia meza ya Bwana. Ukiwauliza, husema: “Padre, watoto wangu hawakubatizwa, nimefungiwa.” Mara nyingi hakuna aliyewafungia.

Ni kweli kwamba Kanuni ya 1367, iliyokuwa ya 1366 kabla ya marekebisho ya mwaka 2021, inataja adhabu kwa wazazi wanaowatoa watoto wao wabatizwe au walelewe katika dini isiyo katoliki. Lakini Mwongozo wa Ekumene, katika namba 151, unaeleza kwamba mzazi Mkatoliki aliyefanya yote aliyoweza, na watoto wasibatizwe wala kulelewa katika Kanisa Katoliki, haangukii adhabu hiyo. Kinachobaki ni wajibu wa kuwashirikisha watoto imani yake kwa njia zilizo wazi kwake: maisha yake mwenyewe, sala yake, namna anavyosamehe, majibu anayotoa wanapomwuliza.

Akina mama hao huhitaji kwanza kuulizwa swali jingine: ndoa yao ilifungwaje? Mkatoliki aliyeolewa kwa nikahi, au mbele ya serikali, bila kuondolewa kizuizi wala ruhusa ya kufunga ndoa nje ya utaratibu wa Kanisa, yuko katika ndoa ambayo Kanisa halijaitambua. Kinachomzuia kupokea Ekaristi ni ndoa hiyo, si watoto. Nayo yaweza kurekebishwa. Wengi hawajui kwamba hata pale ambapo mume hataki kuja kanisani kurudia kiapo, Askofu wa jimbo aweza kuiponya ndoa tangu mzizi wake (Kanuni za 1161 hadi 1165), bila kurudia kukubaliana, mradi nia ya ndoa ya wote wawili ingalipo na hakuna kizuizi kingine kisichoondoleka, kama vile mume kuwa na mke mwingine wa ndoa. Wakati huo ahadi juu ya watoto hutolewa kama ilivyoelezwa: kadiri ya uwezo, katika hali halisi ya nyumba yake.

Wala ndoa isiyo halali ya wazazi si sababu ya kumnyima mtoto Ubatizo. Kanuni ya 868 haitaji cheti cha ndoa. Kanuni ya 877 inaeleza hata namna ya kuandika kitabuni Ubatizo wa mtoto wa mama asiyeolewa, jambo ambalo lisingehitajika kama watoto hao wangekuwa hawabatizwi.

Mtoto akikua

Anapotimiza miaka saba mtoto hukisiwa kuwa na matumizi ya akili, na tangu hapo, kwa habari ya Ubatizo, huhesabiwa kama mtu mzima (Kanuni za 97 na 852). Yaani yeye mwenyewe aombe, afundishwe, apitie njia ya ukatekumeni inayomfaa umri wake. Hilo hubadili mazungumzo nyumbani. Baba aliyekataa mtoto mchanga asiamuliwe na mama yake aweza kumsikiliza binti wa miaka kumi na minne anayesema analotaka. Aweza pia kukasirika zaidi. Paroko mwenye busara hatamharakisha msichana huyo kufika kwenye kisima huku akijua kwamba jioni atalala nje.

Maandiko Matakatifu yana mfano unaofaa hapa kuliko yote. Timotheo, kadiri ya Matendo ya Mitume 16, alikuwa mwana wa mama Myahudi aliyeamini na baba Mgiriki. Jambo linalopitwa na wengi ni kwamba Timotheo alikuwa amekua bila kutahiriwa. Ishara ya agano, ambayo kila mtoto mwanamume wa Kiyahudi alipewa siku ya nane, yeye hakupewa, na andiko linadokeza sababu: watu wote wa sehemu zile walijua kwamba baba yake ni Mgiriki. Hatuambiwi walizungumza nini katika nyumba ile. Lakini katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo anaikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, naye anasema kwamba Timotheo ameyajua Maandiko tangu utoto. Mama aliyekosa ishara alikuwa na Maandiko, na hakuyaacha. Mtume Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wakorintho juu ya ndoa za waamini na wasioamini, anawaita watoto wa ndoa hizo watakatifu (1 Kor 7:14).

Mambo ya ofisini

Mazungumzo haya yafanyike kabla ya ndoa, mbele ya paroko, wachumba wote wakiwepo, na si kwa dakika tano za kujaza fomu. Kanuni ya 1128 inawataka wachungaji wasiwaache wenzi hawa na watoto wao bila msaada wa kiroho baada ya arusi. Ziara ya paroko nyumbani, inayoanza kwa salamu kwa mwenye nyumba Mwislamu na kikombe cha chai, imefungua milango ambayo barua hazikuifungua. Wazazi wakikubaliana kumbatiza mtoto, msimamizi mmoja anatosha. Awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, mwenye umri wa miaka kumi na sita au zaidi, na asiwe mzazi wa mtoto. Mkristo wa madhehebu mengine aweza kuwa shahidi pamoja naye. Baba asiye Mkatoliki anakaribishwa kusimama karibu na mkewe katika adhimisho, na hadaiwi kutamka imani asiyoikiri.

Akika iliyokwisha kufanywa haimzuii mtoto kubatizwa. Hata jina si lazima libadilishwe: Kanuni ya 855 inataka tu lisiwe jina lililo kinyume cha fikra za kikristo. Mtoto aliyeandikishwa Rehema, Baraka au Amina kwenye cheti cha kuzaliwa aweza kubatizwa kwa jina hilo hilo, na bibi wa pande zote mbili wakaendelea kumwita kama walivyomzoea.